Waya wa shaba wa Malindi: kilo nne, na theluthi yake si shaba

Mimi ni sonara, kibanda changu kiko Langoni, Lamu. Natengeneza zaidi zile pete za fedha zenye kigae cha sahani ya kale juu yake, ambazo mgeni akishuka gatini lazima aziulizie. Fedha tupu ni laini mno kwa pete ya kuvaa kila siku, basi naichanganya na shaba: sehemu 925 fedha, 75 shaba. Shaba yenyewe natumia kidogo, lakini hicho kidogo kikiwa na uchafu kimeniharibia fedha yote. Ndiyo maana hununua waya wa umeme wa zamani, ambao shaba yake ni safi kuliko ya vyungu na mabomba, na kwa miaka sita nimekuwa nikinunua kwenye duka moja la skrapu Malindi.

Jina la duka silitaji. Mwenyewe ni mtu mwema na yaliyotokea si hila yake, kama mtakavyoona. Lakini yametokea, na fundi mwenzangu anayetaka kununua nyaya za mitambo pale ajue.

Kwanza mazuri yake. Leseni ya skrapu imetundikwa ukutani, mbele ya mezani, si kwenye droo. Tangu serikali ilipopiga marufuku biashara hii mwaka 2022 kisha ikairudisha kwa masharti, mimi siingii duka lisilo na karatasi hiyo. Mizani ni ya kidijitali na mwenyewe anakuachia uijaribu na jiwe lako; mimi huja na jiwe la nusu kilo kutoka nyumbani na hanuni. Risiti anaandika vizuri, uzito na aina, na risiti hiyo ndiyo pasipoti yako barabarani, maana askari akifungua mfuko kati ya Malindi na Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, akakuta waya wa shaba, swali la kwanza ni umeukata nguzo gani. Chai ya tangawizi hutoka bila kuombwa. Bei hupanda na kushuka. Safari hii ilikuwa shilingi 850 kwa kilo.

Aliniambia, "Fundi, nina kitu chako." Akatoa waya uliozungushwa kwenye gurudumu la mbao, milimita 0.7 hivi, umepakwa vanishi ya hudhurungi, umenyooka vizuri. Alisema umetoka Mombasa na mabaki ya mtambo wa hospitali. Tukapitisha sumaku, haikushika kitu. Tukakwangua kwa kisu, shaba nyekundu ya kung'aa. Nilichukua kilo nne, 3,400, nikapanda basi nikijiona nimeokota.

Ishara ya kwanza niliipuuza, na hilo ni kosa langu. Shaba ukiipasha moto hadi iwe nyekundu iliyofifia kisha ukaiachia, hulainika ikawa kama tambi iliyoiva. Unaisokota kwa vidole. Huu waya baada ya moto ulikunjika, lakini ukiuachia unarudi kidogo. Una uti wa mgongo. Nikadhani sikuupasha vya kutosha. Nikaupasha tena. Tafadhali kumbukeni hilo la kuupasha tena, litarudi.

Siku ya pili nikasubu. Fedha gramu 185, waya gramu 15 uliokatwa vipande, borakisi, tochi ya gesi. Fedha ikayeyuka, shaba ikayeyuka ikaingia, na juu ya kalibu kukabaki kitu kama machicha yaliyosahaulika ndani ya tui: fundo la nyuzi nyeusi linaelea. Nikazidisha moto. Nyuzi ziko pale pale. Nikaziopoa kwa koleo, nikamimina, na kipande kilipofika kwenye fuawe kikapasuka ukingoni mahali uzi mmoja ulipokuwa umejificha. Fedha yenyewe ilikuwa laini kuliko hesabu yangu. Sasa najua kwa nini: shaba niliyoitia haikuwa gramu 15, ilikuwa 10.

Nilijuaje? Kwa tindikali. Sonara hana maabara lakini ana chupa ya tindikali ya nitriki ya kupimia. Nilipanda darini, upepo ukinipiga mgongoni ili ule moshi wa kahawia uende zake, nikaweka gramu 10 za waya niliokwisha kuuparua vanishi. Maji yakawa ya kijani, kisha buluu. Shaba ikaisha yote. Chini ya bakuli nikabaki na shada la nywele za kijivu, zimelala pamoja kama brashi iliyotoka kuoshwa, na tindikali haikuzigusa kabisa. Nikaziosha, nikazikausha, nikazipima: gramu 3.4. Nikavaa lenzi ya jicho na kuhesabu nywele kwenye kipande kimoja cha waya. Zilikuwa 54, zote unene mmoja.

Nikapiga picha nikamtumia mtoto wa kaka yangu, anayesoma fizikia Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Hakuandika jibu, alipiga simu.

"Ami, usiyeyushe tena! Hiyo umeipata wapi?"

"Malindi. Na nimeshayeyusha."

Kimya kidogo, kisha akacheka, kisha akasema atakuja Ijumaa.

Nyuzi zile ni aloi ya metali mbili, niobiamu na titani, karibu nusu kwa nusu kwa uzito. Ndio waya unaozungushwa ndani ya zile mashine kubwa za MRI, za kupiga picha ya ndani ya mwili, zile wanazokulaza ndani kama mkate ndani ya tanuri. Ukizamishwa kwenye heliamu iliyopozwa ikawa maji, nyuzi joto 269 chini ya sifuri, aloi hii inapitisha umeme bila ukinzani wowote. Wanaita supakondakta, na mke wangu aliuliza kama yuko kwenye matatu au basi. Umeme ukishaingizwa kwenye mzunguko wake huzunguka wenyewe miaka, bila kuchomekwa popote, na ndio unaoishikilia sumaku ya mashine. Shaba ni mlinzi tu: kijisehemu cha uzi kikipata joto kidogo na kupoteza hali yake, umeme hukwepea kwenye shaba hadi uzi upoe, la sivyo waya ungeungua.

Hayo niliyaelewa upesi. Kilichonikalisha barazani hadi adhana ya isha ni jambo jingine. Nilimwuliza, ikiwa umeme hauna ukinzani, kwa nini waya usiwe mnene mmoja wa hiyo aloi, safi, laini, kama tunavyopenda sisi mafundi? Akaniambia: "Ami, ukiufanya safi na laini hautafaa kitu."

Nimeshika fedha miaka thelathini na moja. Kazi yangu yote ni kuondoa. Unaondoa uchafu, unaondoa povu, unaondoa nyufa, unapiga tupa, unasugua. Nikamwambia aeleze taratibu.

Sumaku ikiwa kali, alisema, haizuiliki kuingia ndani ya aloi hii. Huingia kama nyuzi nyembamba mno za usumaku, zote zenye kiasi kile kile, zimejipanga karibu karibu. Kwenye nguvu ya tesla 5 (tesla ni kipimo cha ukali wa sumaku), kati ya uzi na uzi ni kama nanomita 22. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Umeme ukipita, unazisukuma hizo nyuzi za usumaku ubavuni. Zikisogea zinatoa joto. Joto likitoka, aloi inaacha kuwa supakondakta, na kazi imeharibika. Kwa hiyo kazi ya fundi si kuzizuia zisiingie. Ni kuzikamata zisisogee.

Hapo mimi nikaona mlango wa Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Wanaopita pale na mashua wanajua: maji yakijaa yanabeba magogo, makuti, chupa za plastiki, na palipo maji wazi kila kitu kinapita. Palipo mizizi ya mikoko hakipiti. Mikoko ikiwa mingi na mizizi iko karibu karibu, hata kijiti kinanaswa. Nikamwambia hivyo, akasema, "Ndiyo hivyo hasa, sasa uliza mizizi inatoka wapi." Na hapa ndipo nilipotambua kwamba wale watu, popote walipo na vinu vyao vikubwa, ni mafundi wenzangu.

Wanaanza na gogo la aloi moja, niobiamu na titani zimechanganyika kabisa. Wanalivuta liwe waya, tundu kubwa, tundu dogo, tundu dogo zaidi, kama mimi na chamburo yangu. Kisha wanalipika kwa nyuzi joto 400 hivi, si dakika, ni makumi ya saa. Kwenye joto hilo titani iliyozidi haiwezi kukaa ndani ya mchanganyiko; inajitenga, inaganda vijiwe vidogo vidogo pale chembechembe za metali zinapokutana. Wanavuta tena. Wanapika tena. Mara tatu au zaidi, hadi kama sehemu moja ya tano ya uzi mzima ni hivyo vijiwe. Halafu wanavuta mwisho, uvutaji mrefu kuliko yote, na vijiwe vinasagwa na kukunjwa vikawa utepe wa unene wa nanomita chache tu. Titani katika hali hiyo si supakondakta pale ndani, na kwa sababu hiyo uzi wa usumaku unapenda kutulia juu yake; kuutoa pale kunataka nguvu. Hiyo ndiyo mizizi ya mikoko. Alinionyesha kwenye simu picha ya mkato iliyopigwa kwa hadubini ya elektroni, na ninaapa ni tambi za Idi zilivyojikunja kwenye sinia.

Lenzi yangu ya jicho haiwezi kuona hata kidogo cha hayo. Nimejaribu.

Sasa rudini kwenye ule moto wangu. Nilipomwambia kwamba niliupasha waya ukawa mwekundu, mara mbili, alishika kichwa. "Ami, umeipika upya!" Joto la wekundu ni kali kuliko lile la mapishi yao, na kwenye joto hilo vijiwe vya titani vinayeyuka kurudi ndani ya mchanganyiko, kama chumvi ndani ya mchuzi. Waya kwa macho ni ule ule. Uzito ule ule, niobiamu ile ile, titani ile ile. Ukiupeleka kwenye baridi bado utakuwa supakondakta, na utaanza kuwa hivyo kwenye baridi ile ile kama zamani, karibu nyuzi joto 264 chini ya sifuri, kwa sababu hilo linafuata zaidi mchanganyiko wenyewe. Lakini umeme utakaoweza kubeba mbele ya sumaku kali utakuwa kidogo sana, maana mikoko imekatwa. Uliopikwa vizuri hubeba takriban ampea 3,000 kwa kila milimita mraba ya nyuzi hizo, kwenye tesla 5. Waya wa soketi ya nyumbani, wa milimita mraba 2.5, tunaubebesha ampea ishirini na kidogo.

Kwa hiyo kuna watu waliokaa na moto wa nyuzi 400 siku nzima nzima wakihesabu, na mimi nikayafuta yote kwa tochi ya gesi ndani ya dakika mbili Langoni. Sijui niombe radhi wapi.

Alinisimulia pia, na hili nalipitia haraka, kwamba aliyegundua mambo haya, Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi, mwaka 1911, alianza na zebaki kwa sababu zebaki husafishika sana ukiivukiza. Akili ya sonara kabisa! Akaota kutengeneza sumaku kali, akazungusha waya wa risasi, ile metali laini, na ndoto ikavunjika: sumaku ndogo tu ilitosha kuua hali yenyewe. Mjini Kharkiv miaka ya 1930, mwanafizikia Lev Shubnikov akapima aloi za risasi na kuona zinavumilia usumaku kuliko risasi safi. Mwaka 1937 serikali ya Stalin ikampiga risasi. Maelezo ya zile nyuzi za usumaku yaliandikwa na Alexei Abrikosov mwaka 1957, naye akapewa tuzo ya Nobel 2003. Miaka arobaini na sita ya kungoja, lakini Shubnikov hakupata hata hiyo.

Iko nyingine iliyonivutia kikazi, niobiamu na bati. Hiyo inavumilia sumaku kali zaidi lakini ni mfano wa kigae: ukiikunja inavunjika. Basi hawaikunji. Wanachukua vijiti vya niobiamu, wanaviweka ndani ya shaba nyeusi, yaani shaba na bati, wanavuta waya wote pamoja ungali laini, wanazungusha sumaku yao kabisa, ndipo wanaitia ndani ya tanuri nyuzi joto 650 au zaidi kwa siku kadhaa. Bati linatoka kwenye shaba nyeusi linaingia kwenye niobiamu, na kile kigumu kinazaliwa pale pale kilipo, kimeshakunjika. Kwenye hiyo, kinachonasa si vijiwe bali mipaka kati ya chembe na chembe, ndiyo maana wanazitaka chembe ndogo. Ukizidisha moto zinakua, mipaka inapungua. Mimi nimekuwa nikivunja vigae kwa kulazimisha viingie kwenye pete. Haikunijia kamwe kwamba mtu anaweza kukipika kigae ndani ya pete.

Na kuhusu zile nywele 54 nilizohesabu ndani ya waya: nyuzi nyembamba hutulia kuliko uzi mnene, ambao usumaku ukiruka ndani yake hutoa joto la ghafla. Kwa mashine ya hospitali unene wa unywele unatosha. Kwenye ule mtambo mkubwa wa CERN, maabara ya fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, nyuzi za sumaku kuu zina unene wa maikromita 6 au 7 (maikromita ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu), maelfu ndani ya waya mmoja. Na zikiwa nyembamba hivyo huvishwa kwanza gamba la niobiamu, kwa kuwa titani ikikutana na shaba motoni hufanya kitu kigumu kinachouharibu uzi wakati wa kuvuta. Hilo sikuhitaji kuelezwa. Ufa wangu ulikuwa juu ya fuawe.

Turudi dukani. Nilipiga simu Jumamosi. Mwenye duka hakuniamini, na simlaumu. Hata mimi nisingeamini kwamba waya wa shaba una nywele ndani. Nikapanda basi tena, na chupa yangu ya tindikali imefungwa kwenye mifuko mitatu na ndoo (msifanye hivyo, ni hatari, mwombeni mwenye duka akupe kipande upime kwako). Tukaenda nyuma ya duka, nikaweka kipande, akatazama shaba inaondoka na nywele zinabaki. Hakubisha tena. Alipokea kilo tatu na akanirudishia pesa zake zote, 2,550, papo hapo kwa M-Pesa. Kilo moja niliibakisha: nusu ameondoka nayo mtoto wa kaka yangu kwenda Kilifi, nusu nimeitumia au kuiharibu. Nauli ya kwenda na kurudi ni yangu, na siku mbili za kazi. Aliponiambia pole aliongeza soda.

Mapungufu, basi. Hakati waya kabla ya kuuza, anakwangua tu juu. Na kukwangua hakuonyeshi cha ndani. Sumaku haisaidii kwa kuwa niobiamu na titani haishikwi na sumaku ya mkononi. Anayenunua nyaya za mitambo pale akate kipande, asugue ncha kwa msasa laini, aangalie kwa lenzi: shaba yote ni rangi moja, huu una vidoa vya kijivu vimepangwa kama mbegu za stafeli. Au aupashe moto aone kama unarudi. Nyaya za kawaida za nyumba na mota nimeendelea kununua pale na sina lalamiko. Kwa uaminifu wa mizani, nyota tano. Kwa ujuzi wa mali anayouza, mbili. Kwa kurudisha pesa, tano tena, na kwa barabara ya kutoka Malindi hadi Mokowe siwezi kumkata nyota yeye.

Alitaka sana kujua zile nywele zinauzwa bei gani na nani ananunua. Nikamwambia niobiamu ina wateja wake lakini si Malindi. Wiki iliyopita kijana wangu alipita pale kuchukua waya wa mota. Anasema lile gurudumu la mbao limetolewa kwenye lundo la shaba, limewekwa juu ya rafu kando ya leseni, na kikaratasi cha kalamu ya wino mzito: WAYA WA HOSPITALI – ULIZA BEI.